Ikifika Themanini, Chomoa

Nekesa,

Habari zangu unazijua, kwa hiyo sitazijazia karatasi. Umeniacha hapa mezani jioni hii ukaenda kuagana na wanakwaya wenzako. Mguu wangu mbaya uko juu ya stuli vile vile ulivyouweka, na chai uliyonimiminia imepoa kwa sababu uliitia sukari kidogo kama mtu anayepima dawa. Nimeongeza. Usiniulize vijiko vingapi.

Hamdi, binti wa jirani anayeniita bibi kimtaani, alipita akaniona na kalamu, akasema, "Shosho, niambie maneno nikuandikie kwa simu, mara moja tu." Nikamwambia mara moja ya nini, mimi shule niliishia darasa la nne lakini kalamu niliishika, na mpaka leo haijanidondoka. Akacheka akaenda zake. Kwa hiyo ukiona herufi zinapanda mlima usiseme ni uzee. Ni meza hii, ambayo kila siku naomba mtu aichonge mguu na kila siku mtu ana haraka.

Umeniuliza swali mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Jumapili, ukimkanda bibi yako mguu. Ulisema, "Kukhu, ukisema nibaki, nabaki. Ile kazi ya Mtito watapata mtu mwingine." Mimi nikasema hayo mafuta yamezidi. Mara ya pili ni leo asubuhi, umesimama mlangoni na viatu mkononi: "Kukhu, bado hujanijibu." Nikaingia jikoni kuchekecha unga. Unga ule nilikuwa nimeshauchekecha. Niliuchekecha tena, nikauchekecha tena, maskini unga wa watu, mpaka nikasikia umefunga mlango.

Sasa nakujibu. Lakini nitakujibu kwa njia yangu, na njia yangu ina kona. Usiruke mpaka mwisho kutafuta jibu, nakujua. Hata kanisani mchungaji akifungua Biblia wewe unaangalia ataifunga lini.

Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango, kutotoka na nywele mbichi, hayo sikwambii. Kama hujayajua mpaka leo, basi mimi nililea kiti.

Nianze na lile sanduku, maana mambo yote yalianzia pale.

Kibanda changu kimekaa ubavuni mwa ile petroli stesheni ya Kangundo Road tangu mama yako anasukwa nywele nikiwa nimembana kwa magoti. Miaka yote hiyo magari yamenipita puani. Gari la petroli lina kiburi. Linaingia, linamiminiwa, dereva hata hashuki, anatoa mkono dirishani kama anafukuza nzi, kisha vumbi. Chai yangu ilinywewa na watu wa kiwanda cha nyuma na vijana wa bodaboda, na nilishukuru, lakini nilikuwa nikiyaangalia yale magari nasema moyoni, siku moja mtashuka nyinyi.

Halafu wakaja watu na sululu. Wakachimba mtaro mbele ya macho yangu, wakalaza waya mnene kama mkono, wakasimamisha sanduku jeupe refu kuliko mchungaji wetu. Nikauliza hiki ni nini. Wakasema, "Mama, ni chaja ya magari ya stima, yale yasiyokunywa petroli. Inachaji haraka." Nikawaambia simu yangu inalala kwenye chaji usiku kucha, na simu yenyewe inaingia kwenye sidiria, sasa nyinyi mnaniambia gari zima litajaa haraka? Wakacheka. Nikachukua ufagio. Unakumbuka, kwa sababu ulikuja mbio kunipokonya.

Kumbe ulikuja mbio kwa sababu ni wewe waliyekuandika kazi ya kulisimamia. Wewe, na cheti chako cha chuo cha ufundi nilichokifungia kwenye plastiki ili mende wasikisome. Jioni ile ulivaa ovaroli lenye jina lako kifuani ukasimama mbele yangu, uso umeng'aa, unangoja neno. Na mimi nikakupa neno. Nilisema, "Umesoma stima yote hiyo uje ulinde friji isiyo na nyama."

Ulikula ugali wako, ukaosha sahani, na asubuhi ukavaa ovaroli lile lile ukaenda. Nilipenda hivyo. Sikukwambia. Nakwambia leo.

Sikuishia hapo, maana mdomo wangu ukishatoka nyumbani hauna nauli ya kurudi. Kila stima ilipopotea hapa Komarock mimi nilijua ni friji yako imeinywa. Nilikuwa natoka nje natangaza kwa majirani, "Ni ile mashine ya mjukuu wangu!" Na ile siku ambayo nyumba yetu peke yake ilikuwa giza, mimi na mguu wangu tulitembea mpaka stesheni kuligombeza lile sanduku mbele ya madereva. Ulinisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi. Kisha ukaniuliza polepole, "Kukhu, tokeni za stima ulinunua?"

Sikuwa nimenunua.

Watu walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Wewe hukucheka. Ulinishika mkono ukanivusha barabara kama yai. Ulichekea nyumbani, bafuni, ukidhani maji yanakuficha. Nilikusikia. Nami pia nilicheka, kwenye blanketi.

Mtu wa kwanza kunibadilisha mawazo si wewe, usijipe sifa. Ni Kevo, yule kijana wa teksi anayeishi Tassia. Alichomeka gari lake, akashuka, akajinyoosha mpaka shati likapanda kitovuni, akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Hana pa kwenda. Gari limefungwa kwenye waya, naye amefungwa kwenye gari. Akaniona.

"Niaje Shosho, kuna chai?"

"Chai iko, niaje haiko. Salimia kama mtu aliyezaliwa."

"Pole Shosho. Habari ya asubuhi?"

"Nzuri. Keti. Unakula nini?"

"Madondo, kama maharagwe iko tayari. Chapati mbili. Niko kwa ishirini."

Nikamuuliza ishirini ya nini, nikidhani ananipangia bei. Akanionyesha simu yake: gari linamwambia pale pale lilivyojaa. Ishirini kwa mia. Nikaelewa papo hapo, bila kufundishwa na mtu, kwamba huyu ana muda. Huyu si mtu wa petroli. Huyu atakula, atashiba, atapangusa mdomo, ataomba chai ya kushushia, na bado waya umemshika.

Tangu siku ile mtu akishuka pale simuulizi unataka nini. Namuuliza, "Uko ngapi?" Akisema kumi au ishirini, namtengenezea madondo na chapati, na kachumbari nakata upya. Akisema arobaini, mandazi na chai. Akisema sabini, namwambia shika chai hii unywe ukisimama. Hata wageni wanaokuja mara ya kwanza wanajibu bila kujua wanajibu nini. Mama mmoja mwenye miwani aliniambia, "Thelathini na tano, lakini mimi sina njaa." Nikamwambia njaa itakupata ukifika hamsini. Na ilimpata.

Huo ndio wakati nilipoacha kuliita friji. Nililiita sanduku letu. Uliona, ukageuka kuficha meno.

Sasa nifike pale panaponikera.

Ulikuwa na neno lako moja ulilopenda kuliko wimbo wa kanisani. "Ikifika themanini, chomoa!" Kutwa nzima. Mimi nikaona ni roho mbaya. Mtu ametaka kujaza gari lake mpaka mia, na ana haki, kwa nini umkatize? Jioni moja nikakuuliza, nikimimina chai kwenye chupa. Hukunieleza kwa maneno ya chuo. Ulisema, "Kukhu, angalia mkono wako." Nikaangalia. Mwanzoni nilikuwa namimina kwa nguvu, chai inaingia kama mto. Ilipokaribia shingo ya chupa nikawa nadondosha, tone, tone, nisiunguze vidole. Ukasema betri ni hivyo hivyo. Mpaka themanini inakunywa kwa pupa. Kuanzia hapo mashine inadondosha, kwa hiyo hicho kidogo cha mwisho kinakula muda karibu kama kile kingi cha mwanzo. Na wakati huo kuna mtu nyuma kwenye foleni ambaye hana kitu.

Nilielewa. Mimi si mjinga. Lakini kuelewa ni kitu kimoja na benchi iliyojaa wateja ni kitu kingine.

Siku ya ugomvi wetu unaikumbuka. Ulitoka kule kwenye sanduku unaita, "Mwenye gari jeupe! Imefika themanini, chomoa!" Mwenye gari jeupe alikuwa Kevo, shavu limejaa.

"Shosho ameniongezea, sasa nitamkataa aje?"

"Mwache ale," nikasema. "Analipa, hajaiba."

"Kukhu, watu wako kwa laini."

"Laini si yangu. Mimi ndiye niliyekufundisha kutembea, leo unanifukuzia wateja?"

Benchi nzima ikageuka, wanangoja kuona utafanya nini. Wewe ukaweka mikono nyuma, ukasema kwa adabu, lakini kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, "Kukhu, hapa niko kazini. Nyumbani nitapiga magoti. Kevo, chomoa."

Na Kevo akachomoa. Na jioni kweli ukapiga magoti, mjanja wewe, hata kabla ya kuvua viatu. Nikakwambia chakula kiko kwenye sufuria, nikageukia ukuta.

Nilikasirika vibaya. Basi nikazidisha. Wiki ile nilikuwa nachelewesha chapati kwa makusudi. Mtu akifika sabini na tano ndipo naweka chapati kwenye kikaango. Akifika themanini nampa sahani ya moto, nani ataiacha? Nikawa nawaongezea bila kuombwa. Ulikuwa ukiita, wanacheka, wanasema, "Mkubwa hapa ni Shosho, si wewe." Na mimi, nisikufiche, nilifurahi. Nilijiona nimekaa kiti cha mbele.

Halafu ikaja ile siku ya joto. Nilitoka na birika kuzungusha chai kwenye foleni, maana hata wanaongoja walikuwa wateja wangu. Nikamkuta mzee ameketi kiti cha nyuma cha gari dogo la bluu, mlango wazi, kofia kichwani, jicho moja limefungwa bandeji, mikono juu ya magoti. Nikamsalimia kwa salamu ya Waislamu.

"Asalaam aleikum, mzee wangu. Chai?"

"Wa aleikum salaam, mama. Baadaye, inshallah. Nimetoka hospitali kutengenezwa jicho. Nataka nifike kwangu nilale tu."

"Sasa hapa mnangoja nini?"

"Gari limeishiwa. Tunangoja mtu amalize kula."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningemjibu, kujibu najua. Alisema vile mtu anavyosema tunangoja mvua ikatike. Kijana wake alikuwa amesimama kando na gazeti, anampepea.

Nikageuka. Waya zote mbili za sanduku lako zilikuwa kwenye magari, na wenye magari wote wawili walikuwa kwenye benchi yangu, na mmoja alikuwa Kevo, na Kevo alikuwa kwenye tisini na kitu, na sahani iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya pili, na niliyeiweka ni mimi. Wewe ulikuwa umesimama karibu na sanduku. Umeshaita mpaka umechoka kuita. Hukuniangalia. Ungeniangalia ningepata nafasi ya kukasirika.

Nikaweka birika chini.

"Kevo, inuka."

"Shosho, madondo bado ni moto."

"Beba sahani."

"Niende nayo wapi?"

"Tassia! Ulaya! Popote! Chomoa!"

Aliondoka na sahani yangu ya bati juu ya kiti cha abiria na kijiko mdomoni. Yule mwingine hakungoja kuambiwa, aliacha hata mandazi. Kesho yake Kevo alirudisha sahani imeoshwa kuliko ninavyoosha mimi, ameifunga kwenye taulo kama mtoto, akasema, "Shosho, nilidhani utanichapa." Nikamwambia sikukosa nia, nilikosa fimbo.

Gari la yule mzee lilichomekwa, na kabla sijamaliza kukusanya vikombe vya watu lilikuwa limetosha kumfikisha nyumbani. Hata themanini hakungoja. Kijana wake alisema wanakaa hapo mbele tu, hawahitaji zaidi. Wiki iliyofuata alinitumia tende kwa mkono wa kijana huyo huyo. Ulizila wewe nyingi.

Jioni ile hukusema "nilikwambia". Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na majibu ya kutosha, makali, nimeyapanga toka Kangundo Road mpaka mlangoni. Ulikuja ukakaa, ukachukua chaki, ukaniuliza, "Kukhu, tuandike nini kwenye ubao wa kibanda?" Nikasema andika hivi: Hakuna chapati baada ya themanini. Ukaandika. Na wewe unajua ubao ule wanausikia kuliko wewe na ovaroli lako. Kuanzia hapo benchi yangu haikupungua watu hata kidogo. Iliongezeka, maana foleni ilitembea, na kila aliyetoka aliacha nafasi ya tumbo jingine. Nilichokuwa naogopa hakikuwepo kabisa. Niligombana na wewe bure kabisa.

Wakubwa wako wakaona mambo yanavyotembea pale, wakakupigia simu, uende ukasimamie sanduku la Mtito.

Sasa sikiliza, usifikiri nakugeuza gari. Gari ni gari, na wewe una magoti na ulimi. Lakini mimi nimejijua uzeeni: mimi ni mtu wa kupenda mia. Sufuria yangu lazima ijae, mzigo lazima ukazwe mara tatu, mtoto lazima akamilike kwanza ndipo nimfungulie mlango. Muulize mama yako.

Nasimiyu alipomaliza shule alipata kazi ya jikoni katika hoteli ya Kisumu. Alikuwa anapika kuliko mimi, mama yako yule, na mimi hilo sikulipenda wala sikulikataa. Nikamwambia ngoja kwanza, pilau yako bado inashikana. Akangoja, pilau ikaacha kushikana. Nikamwambia ngoja tupate koti, Kisumu jioni kuna upepo wa ziwa. Koti likapatikana. Nikamwambia ngoja Krismasi ipite, utasafirije na watu wote wako barabarani. Krismasi ikapita. Alipofika Kisumu akiwa amekamilika, na koti lake, na pilau yake, alimkuta msichana mwingine amevaa aproni.

Halikuwa jambo la kuua mtu. Alirudi, akaolewa, sasa yuko Webuye na duka lake na yule mume anayeongea kama anaita ng'ombe, na anacheka, na amenenepa, na wewe ukatoka humo. Angekwenda Kisumu mapema nisingekuwa na wewe, kwa hiyo hata sijui nilie au nishukuru. Lakini kila nikienda huko akipakua pilau anasema mbele ya watu wote, "Kuleni, hii ndiyo pilau iliyoninyima Kisumu." Watu wanacheka. Mimi nacheka. Halafu natoka nje kuangalia kama kuku wamefungiwa, na kuku wamefungiwa zamani.

Juzi nilikusikia ukiongea na mtu kwenye simu, nje ya dirisha. Ulisema, "Labda ningengoja mwaka mmoja, nizijue hizi mashine vizuri zaidi. Halafu Kukhu na mguu wake." Nilisimama na ufagio mkononi. Nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye mdomo wako. Ngoja pilau isishikane. Ngoja koti.

Nani alikufundisha maneno hayo? Usinijibu.

Unayoyajua yanatosha kukufikisha Mtito. Usiyoyajua yako Mtito yanakungoja, hayako hapa kwangu. Hapa kwangu utaongeza kidogo kidogo, tone, tone, na wakati huo nafasi yako kule imesimama kwenye jua.

Nitakwambia mambo machache ya huko, si ya kukufunza, ni vile nimekaa karibu na ile mashine na kutazama watu. Hapa kwetu dereva akikosa nafasi anaenda chaja nyingine, anatukana kidogo anaondoka. Mtito iko katikati ya safari. Mtu atakufikia ametoka Mombasa na watoto nyuma, gari linamwambia tano, joto limemchoma, mkewe amemwambia "nilikwambia" tangu Voi. Huyo hatakusalimia. Huyo ni wasiwasi uliovaa shati. Mimi watu kama hao nilikuwa nawajibu. Nimejibu watu wengi maishani, Nekesa, na nilishinda karibu wote, na hakuna hata mmoja aliyerudi kunywa chai. Wewe una kile kitu cha kungoja mtu aishiwe na pumzi halafu umuulize kama amenunua tokeni. Sijui ulikitoa wapi, si kwangu. Usikipoteze.

Lakini usiwe laini pia. Wakikuona msichana watataka kukaa mpaka mia, watakuita mrembo, watakuita dada yangu. Wewe sema neno lako. Mikono nyuma, sauti mpaka barabarani.

Na kukiwa na mama yeyote pale anayeuza chai kando ya sanduku, jipatanishe naye kabla hujajipatanisha na mameneja. Mwambie siri ya "uko ngapi". Mwambie umeipata kwa Kukhu wako wa Komarock, asije akasema aliivumbua yeye. Na akikuletea ujeuri, kumbuka yule wa nyumbani alianza na ufagio.

Haya. Jibu lako.

Najua kinachokushika si mashine. Ni mimi. Unajiuliza usiku nikiamka na huu mguu nani atanishika mkono, nani atasikia nikianguka. Umefikiri sikujua kwa nini unalala mlango wazi. Nilijua, na nilikuwa nakohoa kwa makusudi mara moja moja ili ujue bado nipo, ulale.

Basi sikia. Ijumaa nilikwenda kwa mamake Hamdi. Unajua pale kwao vyumba ni viwili na watoto wamepangwa kama viberiti, na Hamdi anasomea uuguzi, anasoma vitabu vyake kwenye ngazi za ploti, nje wanakopita wapangaji wote, kwa taa ya simu. Nikamwambia mama yake, nipe huyu msichana awe analala kwangu. Atapata meza, ingawa inayumba, na kimya, ingawa nakoroma. Nami nitapata mtu anayejua mguu kwa kitabu na si kwa mafuta tu. Akasema, "Shosho, na sala zake za alfajiri zitakuamsha." Nikamwambia mimi alfajiri huwa nimeshakanda unga, yeye ndiye atanikuta macho. Tukanywa chai ya maziwa, tukapatana. Hamdi alipokuja leo hakuja kuniona na kalamu. Alikuja kupima kama mto wake utaenea.

Barua hii naiweka juu ya kitanda chako uikute ukirudi kwaya. Utaona shuka zimebadilishwa. Zile za maua, ambazo mimi huwa siwapi watu. Usifikiri nimekutandikia wewe. Ni za Hamdi. Leo zimekuangukia kwa bahati, lala kama mgeni, usizikunje.

Kesho jioni kitanda hicho kina mwenyewe. Mimi na mguu wangu tumejipanga. Ukibaki hapa Komarock huna pa kulala.

Nenda.

Kukhu wako,
aliyemaliza chai ikiwa baridi